Sinia la Wanaume na Granola ya Asajile

Tangu alipoota ndevu, Asajile hakuwahi kula chakula cha jioni peke yake. Kitongoji chao kiko juu ya vilima vya Ileje, na huko jua likianza kuzama nyuma ya mashamba ya kahawa, wake wa nyumba tatu zinazopakana hupeleka chakula kwenye baraza moja, na wanaume wa nyumba hizo hukizunguka. Wiki hii baraza la Gwalugano, wiki ijayo la Sadoki, inayofuata la Asajile. Ugali wa nyumba zote unapakuliwa kwenye sinia moja, mabakuli ya mboga yanakaa pembeni, Sadoki ambaye ni mkubwa wao na mzee wa kanisa anaomba sala ndefu mpaka mvuke unaisha, kisha anamega wa kwanza na mikono mingine inafuata. Hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mwenye njaa anamega zaidi, na jirani yake hamtazami. Kumtazama mtu mkononi anapokula ni uchoyo, na mchoyo kule vilimani hana wa kumsaidia hata kubeba gunia.

Hivyo ndivyo alivyokula miaka yote, mpaka kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilipoanza kuoza.

Alijikata kwa jembe wakati wa palizi. Kilikuwa kidonda kidogo cha kuchekwa. Alikifunga kitambaa, akavaa buti, akarudi shambani. Hakikumuuma, na hilo ndilo lililomdanganya. Binti yake Yunisi, mwenye duka la vyakula Tunduma, alipokuja kusalimia alisikia harufu kabla hajaona kidonda. Hakubishana na mtu. Kesho yake alimshusha baba yake Tunduma hadi kwa daktari.

“Mzee, una kisukari,” daktari alimwambia. “Na kiko juu sana. Ukikishusha, kidole hiki kitapona. Usipokishusha tutakikata, na baada ya kidole sijui tutaishia wapi.”

Asajile aliutazama mguu wake. Shamba lake la kahawa limelala kwenye mteremko mkali kiasi kwamba wageni hulipanda kwa mikono na magoti. Yeye hulipanda wima na ndoo kichwani. Mtu asiye na kidole gumba hawezi kukita mguu pale. Atalima nini? Ataajiri vijana wamvunie huku amekaa barazani kama mfuko wa chumvi?

“Hakikatwi,” alisema.

“Basi meza dawa, safisha kidonda, na upunguze wanga,” daktari alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Punguza wanga! Mkulima wa mahindi anaambiwa apunguze wanga kana kwamba wanga ni koti, unalivua na kulitundika msumarini. Apunguze nini, kwa kiasi gani, na aweke nini mahali pake? Hilo halikusemwa. Nje kulikuwa na benchi limejaa watu wanaosubiri kwenda kuambiwa maneno hayohayo, na wote wangerudi makwao kupambana na sufuria wakiwa peke yao.

Yunisi alitaka kumsaidia. Dukani kwake, kwenye barabara ya kuelekea mpakani, wateja wa upande wa Zambia huingia wakisalimia “mulishani” na kuulizia vitu ambavyo kijijini kwa baba yake havijulikani. Kimoja ni granola: shayiri iliyookwa pamoja na karanga, zabibu kavu na mbegu, inayokuja katika pakiti kubwa. Juu ya pakiti kuna picha ya mwanamke mwembamba anayekimbia ufukweni, mtu ambaye kwa sura yake hajawahi kubeba hata debe la maji. Kuna majani ya kijani na maandishi makubwa ya kusifia uasilia. Yunisi alikuwa akiiuza kwa kusifu, na aliamini anachokisifu. Alimpa baba yake pakiti mbili.

“Baba, hiki ndicho wanachokula watu wanaojali afya. Acha mihogo ya asubuhi. Kula hiki.”

Asajile alionja. Ilikuwa tamu, inavunjika mdomoni kama bisi, ina harufu ya asali. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke kwa daktari. Kumbe kuna dawa yenye ladha!

Nyumbani alitimiza ahadi. Mihogo aliacha. Chai alikunywa bila sukari, akikunja uso kama anayemeza kwinini. Asubuhi alijaza bakuli la granola, akalimaliza. Kisha akajaza mfuko wa koti lake la shamba, akatafuna huku akipogoa kahawa, mti hadi mti, mpaka mchana. Kule vilimani kinachotafunwa njiani hakihesabiwi. Muwa, karanga, matunda ya porini, hivyo ni vya kuchezesha taya tu, na hakuna mke anayeambiwa na mumewe kwamba ameshiba kwa sababu alitafuna kitu barabarani. Jioni alikaa kwenye sinia kama kawaida.

“Nasikia siku hizi unakula chakula cha kuku,” Gwalugano alimtania. Gwalugano ni mtu mnene mwenye sauti kubwa, wamecheza naye tangu wakiwa watoto. “Angalia usije ukataga kwenye kahawa.”

“Nikitaga sikupi hata yai moja.”

“Akitaga tumwite nani, daktari au bwana mifugo?” Sadoki aliuliza bila kucheka, na wote wakacheka.

Siku ya kurudi Tunduma, Asajile aliingia kliniki na Yunisi, kama mwanafunzi aliyejibu maswali yote. Nesi alikuwa dada mmoja kutoka Mbozi aitwaye Loisi. Alimtoboa kidole cha mkono, akasoma mashine, akairudia kwa kidole kingine. Kisha akafungua bandeji. Weusi ulikuwa umepita ukucha.

“Baba, imepanda,” Loisi alisema. “Imepita ile ya kwanza. Unakula nini?”

“Nimeacha mihogo. Nimeacha sukari kwenye chai. Dawa nameza. Muulize huyu.”

“Nimeshuhudia mwenyewe, sista,” Yunisi alisema. “Tena nampa chakula cha afya.”

“Jioni?”

“Ugali na mboga,” Asajile alijibu.

“Ugali kiasi gani? Ngumi moja? Mbili?”

Asajile alimwangalia kwa mshangao wa kweli. “Binti yangu, tunakula sinia moja wanaume watatu. Nitajuaje wa kwangu ni upi?”

Loisi hakumkaripia. Alisema tu kwamba daktari akiona kidonda hicho leo ataandika kidole kikatwe, na kwamba yeye anataka kuelewa kabla hajamwita. Asajile akaingiza mkono kwenye koti kutafuta leso, kwa sababu jasho lilianza kumtoka. Leso ilitoka, na pamoja nayo konzi nzima ya granola ikamwagika sakafuni, ikaviringika hadi chini ya meza.

“Na hii?” Loisi aliuliza.

“Hiyo siyo chakula. Natafuna tu kazini.”

“Kutwa?”

“Ikiisha narudi nyumbani kujaza.”

Yunisi alitoa pakiti nyingine mkobani, aliyokuwa amemletea baba yake. Loisi aliigeuza. Hakujali picha wala maandishi makubwa. Alisoma yale madogo ya nyuma, kisha akamwonyesha Yunisi kwa ncha ya kalamu.

“Viungo vinaandikwa kwa kufuata wingi. Cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Soma.”

Yunisi akasoma. Shayiri. Sukari. Sharubati ya glukosi. Mafuta. Asali. Zabibu kavu. Karanga zilikuwa mwishoni, karibu na chumvi. Alikuwa ameuza pakiti hizo miezi na miezi bila kugeuza hata moja. Uso ulimwiva.

“Nimemlisha baba yangu sumu,” alisema.

“Usiseme sumu. Shayiri ni nzuri, karanga nzuri, mbegu nzuri. Hata hii ya dukani, mtu akiila kidogo, haimuui. Kosa ni kiasi, na kosa ni kuiongeza juu ya vingine.” Loisi alimgeukia Asajile, akamshika mkono na kuukunjua. “Granola ni hiki kiganja, tena isichuruzike pembeni. Weka kwenye mtindi usio na sukari, kula asubuhi, kunywa maji, basi. Siku uliyokula granola, mihogo haipo na mkate haupo. Mfukoni haikai. Jioni ugali ni ngumi moja. Maharage au samaki ni kiganja kimoja. Nusu nzima ya chakula chako iwe mboga za majani. Siyo kwamba unyimwe. Kila kimoja kipewe nafasi yake, kisikalie ya mwenzake.”

“Na kwenye sinia?”

“Kwenye sinia sijui, baba. Hilo ni la kwenu. Mimi ninachojua ni kwamba huu mguu hauna sinia, ni wako peke yako.”

Alimwita daktari, wakazungumza kando kwa sauti ya chini. Daktari akakisafisha kidonda, akakata nyama iliyokufa, akasema anakipa kidonda muda mfupi wa mwisho, kisha watatazamana tena. Asajile akatoka akichechemea, ameuma meno. Mlangoni alimwambia Yunisi, “Nyinyi mnaosoma, someni na nyuma.” Hakusema kwa hasira. Yunisi alirudi dukani, akazishusha pakiti zote kutoka rafu ya mbele.

La granola lilikuwa jepesi. Mkewe, Frida, alilichukua lile koti la shamba, akaushona mdomo wa mfuko kwa uzi mweusi bila kuomba ruhusa. Yunisi akaleta shayiri tupu, na mama na binti wakaikaanga kwa moto mdogo pamoja na karanga, ufuta na mbegu za maboga, wakaiunga kwa ndizi moja mbivu iliyopondwa badala ya sharubati. Haikuwa tamu kama ile ya kwanza. Asajile alitia kiganja kimoja kwenye mtindi, akala taratibu, akaweka kijiko chini. Njaa ikamwita saa chache baadaye. Akanywa maji, akaendelea kupogoa.

Lililobaki ni sinia.

Jioni ya kwanza alikwenda kwa Gwalugano na sahani yake. Frida alikuwa amempakulia: ngumi moja ya ugali, maharage, majani ya maboga yakiwa rundo. Alikaa mahali pake pa siku zote, lakini sahani akaiweka mapajani. Sadoki alifumbua macho katikati ya sala. Amina ilipotamkwa, hakuna mkono uliokwenda kwenye sinia.

“Leo tunanuka?” Gwalugano aliuliza.

“Ni mambo ya hospitali.”

“Hospitali imesema sisi ni wachawi?”

“Gwalugano, usiniletee hayo. Wamesema nipime.”

“Kupima unapima mtu usiyemwamini.” Sauti ya Gwalugano haikuwa ya utani tena. “Baba yako na baba yangu wamekula hapa. Sijawahi kumwona mtu analeta sahani yake kwenye baraza hili, labda aliyeogopa kuwekewa kitu.”

Sadoki alinyanyuka, akasema ana mgonjwa wa kumwombea, akaondoka. Asajile alimaliza chakula chake, akaibeba sahani kurudi nyumbani.

Kesho yake jioni Frida alipeleka chakula kama kawaida. Kikarudi. Bakuli lilikuwa limefunikwa vilevile alivyolifunika, kitambaa hakijaguswa. Kule vilimani hiyo ndiyo kauli kali kuliko zote: wewe hutaki chetu, na sisi hatutaki chako. Frida aliliweka chini, akalitazama.

“Miaka yote hii napika,” alisema, “hakijawahi kurudi hata kipande. Wamenirudishia mimi, Baba Yunisi. Siyo wewe, mimi!”

“Unataka nirudi kwenye sinia? Nikikatwa mguu utafurahi?”

“Usinitishe na mguu. Mguu naujua, naufunga kila siku. Wao wanaujua?”

Frida akalifunua bakuli lile.

“Wanajua una sukari, basi. Wanadhani ni neno. Mimi mwenyewe nilidhani ni neno mpaka nilipofungua ile bandeji. Unakwenda pale na sahani, umekunja uso, unategemea wasome moyoni mwako?”

Alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Mchana kutwa alipanga la kusema, akalifuta, akapanga jingine. Jioni Frida alipomaliza kupika, Asajile alichukua bakuli mwenyewe, akalibeba mkononi na kuteremka njia ya kwa Gwalugano. Wanawake waliokuwa wakianua kahawa walisimama. Mwanamume mzima amebeba ugali! Huko kwao mwanamume hubeba ng'ombe aliyevunjika mguu, hubeba jeneza, lakini bakuli la ugali habebi.

“Heee!” Gwalugano alishindwa kujizuia. “Shemeji amekufukuza au umeolewa?”

Asajile aliweka bakuli karibu na sinia. Akakaa, akavua kiatu, akaanza kuifungua bandeji, mzunguko kwa mzunguko. Harufu ilifika kabla ya kidole. Gwalugano aliacha mdomo wazi. Sadoki akajishika goti.

“Tazameni,” Asajile alisema. “Msigeuze uso. Siku zote mnaniona nachechemea, hamjaniuliza, na mimi sikuwaambia, kwa hiyo tumekoseana wote. Hiki kinataka kukatwa. Na hiki chakula kizuri tunachokula, nikikila bila kujua kiasi, ndicho kitakachokikata. Siyo mkono wa mtu yeyote wa baraza hili.”

Kuku alipita, akafukuzwa.

“Sitaki kula kwenye sahani. Sahani imenishinda, chakula kinakuwa kama cha msibani. Naomba jambo moja. Nimege wa kwanza. Nimege ngumi moja, mkiniona, niiweke ukingoni mwa sinia upande wangu. Hiyo ndiyo yangu. Nikipeleka mkono tena kwenye ugali, nipigeni.”

Lilikuwa ombi kubwa kuliko lilivyosikika. Kumega wa kwanza ni haki ya mkubwa, na mkubwa alikuwa Sadoki. Mzee wa kanisa alikitazama kile kidole kwa muda. Halafu akachukua lile birika la maji ya kunawa, ambalo huanzia kwake siku zote, akalisogeza mbele ya Asajile.

“Funga kwanza mguu wako, mdogo wangu,” alisema. “Halafu unawe. Leo sala yangu itakuwa fupi.”

“Ashukuriwe Mungu,” Gwalugano alisema. “Kumbe ilitakiwa kidole kioze ndipo sala ifupike!”

Walikula. Asajile alimega ngumi yake, akaiweka ukingoni. Gwalugano aliipima kwa macho, akadai hiyo ni ngumi ya bondia na siyo ya mkulima, na Asajile akakata kipande akakirudisha. Chakula cha Frida kiliisha wote wakikikwangua.

Lakini isidhaniwe kwamba mambo yalikwisha pale. Baraza lilikuwa limempokea, tumbo lake lilikuwa bado. Jioni nyingi ngumi yake iliisha wenzake wakiwa katikati, na ugali ulibaki pale, mweupe, unafuka, mwendo wa kiganja kutoka gotini kwake. Alikalia mkono wake wa kulia. Kweli kabisa, aliuweka chini ya paja na kuukalia, akala majani ya maboga kwa mkono wa kushoto, kitu kisicho na adabu, na wenzake wakajifanya hawaoni. Siku moja Gwalugano, kwa huruma tu, alimwambia, “Mega kidogo bwana, daktari yuko Tunduma.” Asajile alimjibu, “Daktari yuko Tunduma, mguu uko hapa.” Wanawake waliposikia kwamba mboga ndiyo inayomshibisha, mabakuli ya mboga yakaanza kuja yamejaa mpaka juu, na Sadoki akalalamika kwamba sasa naye analishwa kama mbuzi.

Kule Tunduma, Loisi alimtoboa kidole cha mkono, akasoma mashine, akairudia kama mara ile. Safari hii alirudia kwa sababu nyingine: sukari ilikuwa imeshuka. Daktari alifungua bandeji. Weusi ulikuwa umeng'oka, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, mbichi, ina maji ya uhai. Kipande cha ncha kilikuwa kimekwenda na hakitarudi. Daktari alikibonyeza kidole pembeni.

“Unasikia?”

“Kinauma,” Asajile alisema, na hakuwahi kufurahia maumivu namna ile.

“Hatukati. Lakini mzee, hiki siyo kitu cha kupona na kusahau. Ukirudia ulaji wa zamani, utarudi kwenye meza hii.”

“Nimekusikia. Sirudi.”

Jioni hiyo aliwaeleza wenzake, wakashangilia, Sadoki akasahau ahadi yake na kuomba sala ndefu sana. Walipomaliza kula, Gwalugano alimsindikiza Asajile hadi kwenye mipaka ya shamba, jambo asilolifanya mara nyingi. Alikuwa kimya, na Gwalugano kukaa kimya ni habari.

“Ile mashine ya kutoboa,” alisema mwishowe. “Inauma?”

“Kama mwiba. Kwa nini?”

“Basi tu.” Akatembea hatua kadhaa. “Siku hizi nakunywa maji kama ng'ombe, Asajile. Na kukojoa ni kutwa. Mke wangu anasema ni uzee.”

Asajile alisimama. Alimtazama rafiki yake juu mpaka chini, akaishia kwenye miguu yake, mikubwa, peku, ina mikwaruzo ya shamba.

“Alfajiri tunashuka Tunduma,” alisema.

“Alfajiri nina wavunaji. Kahawa imeiva yote, nitaiachia nani? Tungoje mavuno yaishe.”

“Gwalugano, nimesema alfajiri. Vaa viatu. Kahawa itatungoja.”

“Na isipotungoja?”

“Ianguke.”